Linki inaanguka, logi inafurika: njia nne za kuchunguza draiva ya mtandao

Saa tano kasoro usiku, mvua inaipiga Kigoma, simu ikaita. Alikuwa kijana ninayefanya naye kazi za mitandao pale Mwanga.

"Kaka, shikamoo. Ile seva ya Kibirizi imegoma kuandika chochote. Diski imejaa."

"Marahaba. Imejaa nini?"

"Logi. Faili la kern.log peke yake limefika gigabaiti kumi na moja."

Siku mbili kabla ya hapo tulikuwa tumeongeza mistari ya uchunguzi kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya mtandao ya mashine hiyo, kwa sababu linki (muunganisho wake wa waya na swichi) ilikuwa inaanguka na kuinuka bila mpangilio. Mstari mmoja tuliuweka kwenye njia ya kupokea pakiti. Mwingine tuliuweka kwenye kazi ya pembeni inayosoma hali ya linki mara kumi kwa sekunde. Ujumbe tuliupata, tena kwa mamilioni. Tulichokosa ni ule wa mara ya kwanza linki kuanguka. Mahali ulipotakiwa kuwepo, journald, programu inayokusanya logi (kumbukumbu za ujumbe wa mfumo), ilikuwa imeandika tu kwamba imekosa ujumbe kadhaa wa keneli (kiini cha Linux), maana ulikuwa unamwagika haraka kuliko inavyoweza kuusoma. Ni sawa na kutafuta mgebuka mmoja chini ya matenga ya dagaa, halafu ukifika chini unakuta ulishateleza ukarudi ziwani.

Tangu siku ile nimekuwa nikilinganisha njia za kuchunguza linki kwenye Linux kwa swali moja kubwa: ipi inalinda ule mstari wa kwanza? Naandika kwa ajili yako uliyekaa mbele ya mashine yenye linki isiyotulia na hujui uanzie wapi.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni kuandika mistari yako mwenyewe ndani ya draiva na kuitia breki. Keneli ina zana za kazi hiyo. `dev_warn_ratelimited` huruhusu ujumbe 10 ndani ya sekunde 5, kisha inanyamaza, na baadaye inataja ni mara ngapi ilizuia. `dev_info_once` husema mara moja tu, basi. Ipo pia breki isiyohitaji zana yoyote: draiva ikumbuke hali ya linki ya mwisho, iandike pale tu hali inapobadilika. Nitaziita zote mistari yenye breki.

Ya pili ni kuamsha mistari ambayo watunzi wa draiva waliiandika zamani ikabaki imelala. Kuna swichi mbili za kuiamshia. Moja ni kiwango cha ujumbe cha kadi yenyewe (hapa kadi inaitwa `eth0`):

`ethtool -s eth0 msglvl link on`

Nyingine ni dynamic debug, ambayo huwasha mstari, faili au moduli (kipande cha keneli kinachopakiwa peke yake, kama draiva) unayoitaka bila kugusa nyingine:

`echo 'file phy.c +p' > /proc/dynamic_debug/control`

`phy.c` ni faili la keneli linalomsimamia PHY, chipu inayoongea na waya. Kwenye keneli za zamani faili hilo la control utalikuta chini ya `/sys/kernel/debug/dynamic_debug`. Hizi ni mistari ya kuwasha.

Ya tatu ni ufuatiliaji wa ftrace, zana ya keneli ya kurekodi matukio, unaopatikana kwenye `/sys/kernel/tracing`. Hapa matukio hayaendi kwenye logi kabisa, yana bafa (hifadhi ya muda) yake kwenye kumbukumbu ya mashine. Kwa matatizo ya linki, tukio lenye thamani kuliko mengine ni `mdio_access`, linaloonyesha kila mara keneli inaposoma au kuandika rejista (vijisanduku vya namba ndani ya chipu) za PHY.

Ya nne ni kuacha ujumbe na kusoma vihesabu. Ndani ya `/sys/class/net/eth0/` kuna `carrier_changes` (mara ngapi linki imebadilika), na kwenye keneli kuanzia 4.16 kuna pia `carrier_up_count` na `carrier_down_count`. Ongeza `ethtool -S eth0` kwa vihesabu vya kadi yenyewe.

Nitazipima kwa mambo matano: kama mstari wa kwanza unabaki, kama uchunguzi wenyewe unachafua ushahidi, wingi wa kelele, maandalizi, na kinachotokea umeme ukikatika. Jambo la pili ndilo linalopuuzwa kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Mstari wa kwanza unabaki?

Keneli nyingi hujengwa na bafa ya ujumbe ya KB 128 au 256. Chukua KB 128 na mistari ya herufi 80: inaingia mistari kama 1,600 hivi. Draiva ikimwaga mistari 100 kwa sekunde, baada ya sekunde 16 wa zamani zaidi ameshasukumwa nje. Unaweza kuipanua wakati wa kuwasha mashine kwa `log_buf_len=4M`, na mimi siku hizi naifanya kabla ya kitu kingine chochote, lakini kupanua ndoo hakufungi bomba.

Mistari yenye breki hulinda mwanzo vizuri, kwa sababu ratelimit (ile breki ya idadi ya ujumbe) hupitisha wa kwanza na kuzuia wanaofuata. Kuna mtego mmoja. `net_ratelimit()` ina mgao mmoja unaotumiwa na mtandao mzima wa keneli, hivyo sehemu nyingine yenye makelele inaweza kula nafasi yako, na mstari wako wa muhimu ukazuiwa bila kosa. Familia ya `dev_..._ratelimited` ina mgao wake kwa kila mahali ilipoandikwa. Tumia hiyo. Na `once` inalinda mwanzo kuliko zote, ila anguko la pili hutaliona kamwe hadi draiva ipakiwe upya.

Mistari ya kuwasha huenda kwenye bafa ileile ya ujumbe, kwa hiyo inategemea umewasha nini. Ile ya `phy.c` huandika PHY inapohama kutoka hali moja kwenda nyingine, basi inakaa vizuri. Ukiwasha moduli nzima ya draiva yenye mistari kwenye njia ya pakiti, umerudi Kibirizi kwetu.

Bafa ya ufuatiliaji nayo ni ya mzunguko, inafuta ya zamani. Tofauti ni kwamba unaweza kuiamuru ijifunge yenyewe. Ukiweka kichochezi cha `traceoff` chenye sharti kwenye tukio, mara sharti likitimia kurekodi kunasimama na kilichotangulia kinabaki kama kilivyo. Unarudi asubuhi, unakuta dakika za mwisho kabla ya anguko zimekusubiri. Kwa kulinda mstari wa kwanza, hakuna njia nyingine kati ya hizi inayofika hapo.

Vihesabu havina mstari wowote. Vinakuambia mara ngapi, havikuambii lini. Lakini ukivisoma kila dakika na kuandika pamoja na saa kwenye faili dogo, utajua ni dakika gani, na mara nyingi hiyo inatosha kuulizana nini kilitokea jengoni wakati huo.

Je, uchunguzi unachafua ushahidi?

Hapa ndipo tulipoumia. Baada ya kuweka mistari yetu, kumbukumbu za maanguko za keneli zilipungua. Tulidhani tatizo limejirekebisha, na tukapoteza siku nzima tukiamini hivyo.

Kilichotokea ni hiki. Chipu ya PHY ina rejista ya hali, namba 1, na biti ya 2 ndani yake inasema kama linki ipo. Kwa mujibu wa kiwango cha Ethernet, biti hiyo inanata ikishuka: linki ikianguka hata kwa kitambo kidogo, biti inakuwa sifuri na kubaki sifuri hadi mtu aisome. Ikishasomwa, inarudi kuonyesha hali ya sasa. Keneli inategemea kunata huko, kwa sababu kadi isipotumia interapti (ishara ya kuiita keneli), keneli huisoma PHY mara moja tu kwa sekunde. Anguko la sehemu ya kumi ya sekunde linaonekana kwa kuwa biti ilibaki imeshuka ikimsubiri msomaji.

Sasa sisi tuliweka kazi ya pembeni inayosoma rejista hiyohiyo mara kumi kwa sekunde. Tuliifuta biti kabla keneli haijafika. Keneli ilipokuja, ilikuta linki iko juu, ikaendelea na safari. Taarifa ya kweli ilikuwa kwenye mistari yetu wenyewe, imezikwa katikati ya zile gigabaiti kumi na moja.

Kwa hiyo mistari yenye breki ina hatari ambayo breki haiitibu. Ratelimit inazuia kuandika, haizuii kusoma. Ukitaka kuandika hali ya linki, andika thamani ambayo draiva imeshaisoma kwa kazi yake. Usiende kuisoma tena kwa ajili ya ujumbe.

Kuna pia suala la muda. Ukiwa na konsoli (mahali keneli inapotoa ujumbe papo hapo) ya waya wa siriali yenye kasi ya biti 115,200 kwa sekunde, zinapita herufi 11,520 kwa sekunde, hivyo mstari wa herufi 80 unachukua milisekunde 7 hivi. Kwa kasi ya 9,600, ambayo bado ipo kwenye vifaa vingi vya zamani, ni milisekunde 83. Kwenye keneli nyingi zilizo kazini leo, anayeandika ujumbe ndiye anayebeba mzigo wa kuutoa kwenye konsoli. Weka hiyo kwenye njia ya pakiti na umetengeneza tatizo jipya linalofanana na lile unalolitafuta. Tiba ni rahisi: `dmesg -n 4` hunyamazisha konsoli kwa ujumbe mdogo huku bafa ikiendelea kupokea kila kitu.

Mistari ya kuwasha iko salama zaidi hapa. Ujumbe wa dynamic debug ni wa ngazi ya chini kabisa, na kwa mpangilio wa kawaida hauendi kwenye konsoli. Pia mistari ya `phy.c` huandika kile ambacho keneli tayari inakijua, haimsumbui PHY kwa maswali mapya.

Ufuatiliaji haumuulizi PHY chochote. `mdio_access` inatazama tu mazungumzo ya wengine, kisha inaandika kwenye kumbukumbu kwa gharama ndogo sana. Laiti tungeanza nayo, tungeona papo hapo kwamba kuna wasomaji wawili wa rejista 1 wanaonyang'anyana.

Vihesabu vya carrier navyo havigusi vifaa, ni namba zilizoko kwenye keneli. Ila kumbuka vinahesabu kile keneli ilichokiona. Kama biti imefutwa na msomaji mwingine, kihesabu nacho kitadanganyika. Na ukitumia `ip -t monitor link` kupata saa za matukio, ujue keneli huchelewesha taarifa hizo zisizidi takriban moja kwa sekunde, hivyo mtikisiko wa haraka utauona kwenye kihesabu lakini si wote kwenye monitor.

Kelele kwa siku

Wengi wanaamini ratelimit imemaliza kelele. Tupige hesabu. Ujumbe 10 kila sekunde 5 ni ujumbe 2 kwa sekunde, 7,200 kwa saa, 172,800 kwa siku, kwa kila mahali ulipoweka mstari. Na linki inayoanguka na kuinuka kila sekunde 3 haifiki hata kwenye kikomo hicho, kwa hiyo breki haishiki kabisa: kwa saa 10 za usiku utapata maanguko 12,000 na mistari 24,000. Kuandika hali inapobadilika kunatoa idadi hiyohiyo, lakini angalau kila mstari una maana yake.

Mistari ya kuwasha inakupa uwezo wa kupunguza wakati kazi inaendelea: `-p` badala ya `+p` na kimya kinarudi. Kwa msglvl, acha `link` na uzime `rx_status`, `tx_done` na `pktdata`, maana hizo tatu zinaongea kwa kila pakiti.

Ufuatiliaji unaweza kuwa na matukio mengi, lakini hayamwagiki popote; yanazunguka kwenye bafa yake, na kichujio kama `regnum == 1` kinabakiza rejista ya hali peke yake. Vihesabu, kelele sifuri.

Maandalizi

Mistari yenye breki inahitaji chanzo cha draiva, vichwa vya keneli inayolingana na muda wa kujenga moduli. Kama kadi hiyohiyo ndiyo inayokuunganisha na mashine kutoka mbali, kupakia moduli upya kunakukata. Panga safari.

Mistari ya kuwasha inahitaji keneli iliyojengwa na dynamic debug, na keneli za usambazaji mkubwa huwa nayo. Hapa kuna kufuli mbili zinazowachanganya wengi: mistari ya aina ya `netif_dbg` inataka msglvl iruhusu na dynamic debug iwashwe pia. Ukifungua moja tu, unapata ukimya na unadhani draiva haina la kusema. Na si kila draiva inaheshimu msglvl.

Ufuatiliaji hauhitaji kujenga kitu, ila unahitaji kujifunza. Tena draiva zinazomsimamia PHY zenyewe bila kupitia maktaba ya keneli, mfano e1000e, hazitatoa chochote kwenye `mdio_access`. r8169 inatoa.

Vihesabu vinahitaji `cat`.

Umeme ukikatika

Ujumbe wa logi ukishafika kwenye diski uko salama, mradi journald iwe inahifadhi kwenye `/var/log/journal`. Bafa ya ufuatiliaji iko kwenye RAM: umeme ukienda, imekwenda. Ukitumia `trace-cmd record`, rekodi huandikwa diski, na kwa mashine isiyo na betri ya akiba huo ndio utaratibu ninaoshauri. Vihesabu vinarudi sifuri mashine ikiwaka upya, na hata draiva ikipakiwa upya, ndiyo maana faili lile dogo la kila dakika lina thamani.

Kwa hali yako

Kama bado hujui hata tatizo liko kwenye waya, swichi au draiva, anza na vihesabu. Fundi anayezunguka kati ya Gungu, Ujiji na Mwanga na mashine kumi za kuangalia hana sababu ya kuwasha ujumbe popote kabla ya kujua ni mashine gani `carrier_changes` yake inapanda. Mpe usiku mmoja. Kikipanda, badilisha waya na tundu la swichi kwanza, kisha tazama tena.

Kama mashine iko kazini, watu wanaitegemea na huruhusiwi kubadilisha programu zake, mistari ya kuwasha ndiyo inayokufaa. Washa `phy.c`, acha moduli nyingine zilale, na uandike mahali saa uliyowasha ili ukumbuke kuzima.

Kama anguko ni la nadra, mara moja kwa siku mbili au tatu, au unahisi ni fupi mno, nenda kwenye ufuatiliaji na kichochezi cha kujifunga. Njia nyingine zitakupa kurasa nyingi za kusoma na jibu dogo.

Kama wewe ndiye unayeandika au kurekebisha draiva, mistari yenye breki haiepukiki, kwa sababu wewe peke yako unajua draiva ilikuwa inafikiria nini. Chagua kuandika hali inapobadilika, tumia ratelimit kwa makosa yanayoweza kujirudia, na kabla hujampelekea mtu mwingine kazi yako, geuza mistari ya uchunguzi kuwa `netdev_dbg` ili ilale hadi atakapohitaji kuiamsha.

Kama waya wenyewe unatia shaka na PHY yako inaweza, jaribu `ethtool --cable-test eth0`, inayopatikana tangu keneli 5.8. Itakata linki kwa muda mfupi, kwa hiyo chagua saa isiyo na watu.

Kibirizi tulimaliza hivi: tulitoa mistari yetu yote, tukawasha `mdio_access` yenye kichujio cha rejista 1, tukasubiri. Kabla ya alfajiri tulikuwa na maanguko manne, yote mafupi, nayo linki ikiwa kwenye gigabiti 1. Tukailazimisha linki ishuke hadi megabiti 100, ambayo inatumia jozi mbili tu za waya kati ya nne, na maanguko yakakoma. Kijana akapanda juu na koleo, akakata kichwa cha RJ45 upande wa nje ambako unyevu wa ziwa ulikuwa umeshaingia, akabana kipya, na gigabiti ikarudi.